Somo: Ni nani wanaoishi kwetu leo? Kuhesabu watu bila kuleta ugomvi



Somo hili limetokana na malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi katika mikutano ya Base ya Kamina. Upande mmoja husema: "Wageni wamekuwa wengi kutupita." Upande wa pili, chini ya mwembe uleule, hujibu: "Wenyeji wamekula msaada wetu." Nikiuliza wageni ni wangapi, hakuna anayejua. Nikiuliza wenyeji ni wangapi, hapo napo ni kimya. Watu wanakaribia kupigana juu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Katika somo hili tutaona namna kikundi chenye watu wa pande zote mbili kinavyoweza kuhesabu watu wa avenyu yao kwa fimbo na mbegu. Tutaona pia jambo ambalo wengi hawalitazamii: badiliko kubwa katika kartie zetu si la kabila. Ni la umri.

Nchi isiyojihesabu

Mara ya mwisho Kongo nzima kuhesabiwa, nyumba kwa nyumba, ilikuwa Julai 1984. Wakati ule tulikuwa watu karibu milioni 30. Leo makadirio yanasema tumepita milioni 100. Lakini makadirio ni makadirio. Mama aliyezaliwa mwaka 1985 anaweza kuwa bibi leo, na serikali haijawahi kugonga mlango wake kumhesabu.

Pengo hilo hujazwa na uvumi. Tena kuna watu wanaofaidika na uvumi huo, hasa wakati wa uchaguzi, kwa sababu viti vya bunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa kupiga kura katika kila mahali. Familia iliyokimbia na kujiandikisha hapa inaongeza uzito wa hapa, na uzito wa kule ilikotoka unapungua. Kwa hiyo mtu wa siasa akisema "wamekuja kutumeza", tujue kwamba naye ana hesabu yake.

Mgeni wa jana

Base yenyewe ilijengwa na wageni. Wabelgiji waliianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama kiwanja kikubwa cha ndege za vita. Mwaka 1960 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Mji wa Kamina nao ulikua kwa sababu ya reli: hapa ndipo njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika, moja kwenda Kananga na Ilebo, nyingine kwenda Kabalo. Mahali reli inapogawanyika hapakosi watu wa kushuka.

Tangu hapo kila shida ya Katanga na ya majirani imetuletea watu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakapandishwa treni kuelekea kaskazini. Kati ya 2002 na 2006 vita vya Mai-Mai viliwatoa watu vijijini mwao katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, lililoitwa pembetatu ya kifo. Mwaka 2013 na 2014 wapiganaji wa Kivu waliorudisha silaha waliletwa hapa Base, wengine Kitona na Kotakoli, na baadhi walikuja na wake na watoto. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamwina Nsapu vilikimbiza watu zaidi ya milioni moja kule Kasai, na wengine walishukia upande wetu wa Haut-Lomami. Novemba 2023, Malemba-Nkulu, jeuri iliangukia tena watu wenye asili ya Kasai.

Katika mkutano mmoja niliomba wasimame wale tu ambao babu yao alizaliwa mahali tulipokuwa tumekaa. Walisimama wachache sana, na mmoja wao akaketi tena baada ya dada yake kumnong'oneza jambo. Watu walicheka. Kicheko kile kilitusaidia kuliko hotuba yangu.

Nchi changa, nyumba za wazee

Duniani kuna nchi zinazozeeka. Katika Japani, watu karibu 3 kati ya 10 wana miaka 65 au zaidi. Katika Ubelgiji, walikotoka waliojenga Base, ni karibu 1 kati ya 5. Huko miji inatafuta vijana wa kuwahudumia wazee. Kongo ni kinyume: karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15, na waliopita 65 ni kama 3 tu kati ya 100. Uchunguzi wa afya wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kila mwanamke kwa wastani anazaa watoto 6 au 7.

Basi mtu atauliza, habari za kuzeeka zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu, kwa sababu nchi inaweza kuwa changa na mtaa ukawa wa wazee. Miji ya Katanga ilijengwa kuzunguka kampuni: Gécamines, reli, jeshi. Kampuni zilipoanguka ziliacha kuajiri vijana, na waliobaki kazini wakazeeka pamoja na mashine zao. Mwaka 2003 Gécamines iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mara moja. Watoto wa wafanyakazi hao hawakurithi kazi ya baba. Walishika sepetu wakaenda kuchimba, au walipanda treni kutafuta maisha Kolwezi na Lubumbashi.

Kwetu tunaliona hilo kwa macho. Katika nyumba nyingi za zamani tunazotembelea kuna mzee wa reli au askari wa zamani, kuna mama mzee, kuna wajukuu watano au sita. Wazazi wa wajukuu hao hawapo. Nyumba za waliokimbia nazo zina watoto wengi na wamama, lakini mara nyingi zina pia jambo moja ambalo za kwanza hazina: mikono yenye nguvu. Na za kwanza zina jambo ambalo hizi hazina: shamba.

Zoezi: piramidi ya mbegu

Chagueni avenyu moja, nyumba 10 hadi 15, zisizidi. Alikeni mtu mmoja kutoka kila nyumba, na nusu yao wawe wanawake. Fagieni mahali penye kivuli. Chora mstari mrefu wa kusimama, kisha mistari minne ya kulala. Mstari wa chini ni watoto wasiofika miaka 15. Unaofuata ni wenye miaka 15 hadi 34, kisha 35 hadi 59, na wa juu ni wenye 60 na zaidi. Upande wa kushoto wekeni wanawake kwa mbegu za mahindi, wa kulia wanaume kwa maharagwe. Kila mmoja anaweka mbegu za watu waliolala nyumbani kwake jana usiku. Waliolala, narudia. Msihesabu mtoto aliye Kolwezi wala shangazi atakayekuja.

Wengi hawajui mwaka wao wa kuzaliwa. Msiwaaibishe. Ulizeni kwa matukio: Alikuwa anatembea wakati wa Uhuru, 30 Juni 1960? Alizaliwa Katanga ikiwa imejitenga, kabla ya Januari 1963? Alikuwa shuleni nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971? Wakati wa vita vya Shaba, 1977 na 1978, alikuwa na mtoto mgongoni? Mobutu alipokimbia Mei 1997, alikuwa ameoa? Mzee Laurent-Désiré Kabila alipouawa Januari 2001? Mkoa wetu ulipotengwa na Katanga mwaka 2015? Wazee hupenda sana sehemu hii, na inachukua muda mrefu kuliko mnavyofikiri. Acheni ichukue.

Mbegu hazina kabila wala jina. Nasema hili kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Zoezi la kwanza nililoongoza lilikuwa na mafungu mawili, wenyeji huku na wageni kule. Kabla ya saa sita mchana kila upande ulikuwa umeongeza watoto ambao hawakuwepo, na mama mmoja aliondoka na mbegu zake mkononi. Ilikuwa kosa langu, si lao. Tena kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko ugomvi wa siku moja. Katika Rwanda, kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho tangu wakati wa Wabelgiji lilitumiwa vizuizini mwaka 1994 kuchagua nani auawe. Orodha inayotenganisha watu kwa asili, hata ikianzishwa kwa nia njema, haijui itaangukia mikononi mwa nani.

Kwa upande mwingine, kutohesabu nako kunaua. Kule Kotakoli, Human Rights Watch waliandika mwaka 2014 kwamba zaidi ya watu 100 wa kambi ya waliorudisha silaha walikufa kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Watu walipelekwa, chakula na dawa za kuwatosha hazikufuata.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Avenyu ina mbegu 80. Chini kuna 44. Kwenye mstari wa pili kuna 14, na kati yake maharagwe ni 4 peke yake. Wa tatu una 13, wa juu una 9. Mchoro huu una miguu mipana, kiuno chembamba, na kichwa kizito. Hapo mwongozaji anyamaze. Baada ya muda mtu mmoja atauliza: "Vijana wetu wanaume wako wapi?" Sijaona swali hilo likiulizwa na upande mmoja tu.

Shamba la mzee

Jambo ambalo mchoro huu unafungua, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi zaidi hapa, ni shamba la kuazima. Mzee hana nguvu za kulima. Familia iliyokimbia ina nguvu, haina ardhi. Wanapatana kwa mdomo: lima, tutagawana. Ni mapatano mazuri, na yamelisha watoto wengi. Lakini muhogo unakaa ardhini mwaka mzima na zaidi, na mzee anaweza kufa kabla ya mavuno.

Ndivyo ilivyotokea kwa familia moja tuliyoifuatilia. Mzee alizikwa, na baada ya wiki mbili wanawe wawili walishuka kwenye treni wakitoka machimboni. Walikuta shamba la baba yao limejaa muhogo wa watu wasiowajua. Kwao huo ulikuwa wizi. Kwa familia ile, ulikuwa chakula cha mwaka. Mapanga yalitoka nje. Bibi wa marehemu ndiye aliyesimama katikati, akasema yeye alikuwepo siku ya mapatano na ndiye aliyepika bukari iliyoliwa siku hiyo. Mbele ya chifu walikubaliana kwamba muhogo uliosimama ni wa aliyeupanda, na kwamba baada ya mavuno shamba linarudi kwa watoto wa mzee. Mwaka uliofuata mmoja wa wanawe alirudi machimboni, na shamba likaazimwa tena kwa familia ileile, safari hii kwa karatasi.

Karatasi hiyo ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Iliandika mipaka kwa miti na njia, muda kwa misimu, mgawo kwa mifuko, na jambo ambalo watu huona haya kulisema: mwenye shamba akifa, itakuwaje. Waliweka vidole chifu, mke wa mzee, mtoto mmoja mkubwa wa mzee, na baba na mama wa familia iliyoazima. Msimwache mama nje ya karatasi. Mara nyingi yeye ndiye anayebaki.

Viongozi wakumbuke pia sheria. Ibara ya 30 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa mahali popote nchini. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 4, zinataka uangalizi wa pekee kwa watoto walio peke yao, wamama wenye watoto wadogo, walemavu na wazee. Hazisemi wazee wa upande gani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Katika avenyu yenu, ni nyumba ngapi ambamo mkubwa wa nyumba ana miaka zaidi ya 60 na anayemfuata hajafika 15? Nani anawachotea maji?

Kuna mashamba mangapi yaliyoazimwa kwa mdomo tu? Mwenye shamba akifa kesho, mtoto wake aliye mbali anajua?

Vijana waliokwenda machimboni wakirudi wote kwa pamoja, watakuta nini kimebadilika, na nani atawaeleza kabla hawajashuka kwenye treni?

Zoezi likiisha, nakilini tu jumla za mistari minne katika daftari la kartie, kisha futeni mchoro wote kwa mguu. Maharagwe na mahindi mgawane, au wapeni watoto waliokaa kusubiri. Tukiwa hapa Base kuku hutuwahi.