Konseto ya Kwanza Kujifunza

SWALI: Sonata nyepesi za Beethoven nazimudu. Katika konseto za piano za karne ya 20, nianze na ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakunasihi uanze na Konseto ya Pili ya Shostakovich, ambayo aliitunga mwaka 1957 kwa ajili ya mwanawe Maxim, naye akaipiga mara ya kwanza mjini Moscow siku aliyotimiza miaka 19, kwani sehemu kubwa ya ugumu wake ni mikono miwili kwenda sambamba katika lahani moja, mmoja juu na mmoja chini, kazi ambayo vidole vilivyozoea mazoezi ya Hanon vitaitambua, maana mtungaji ameyatia mazoezi hayo waziwazi katika sehemu ya mwisho. Hadhari na lahani ya pili ya sehemu hiyo, yenye mapigo saba: ihesabu kwa sauti kabla hujagusa piano. Sehemu ya kati, nyuzi zikisha kutangulia kwa huzuni, haitaki wepesi wa vidole bali utulivu wa nafsi, na kwangu ndiyo johari ya kazi yote. Ile ya Ravel katika G, pamoja na uzuri wake, yaweza kungoja. Ya tatu ya Prokofiev iache kwa sasa. Mtafute mapema mwenzi wa kukupigia okestra kwenye piano ya pili.