Sitiari na Usonji: Ngome Iliyowatwika Akina Mama Lawama

Aghalabu sitiari huchukuliwa kuwa pambo la ushairi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sitiari huelekeza hata utafiti wa kisayansi, na kwamba ikiteuliwa vibaya huumiza watu. Mfano wetu ni usonji.

Istilahi ya kimataifa, otizimu, iliundwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kutokana na neno la Kigiriki autos, yaani 'nafsi'. Alirejelea wagonjwa wa skizofrenia waliojitenga na ulimwengu. Mwaka wa 1943, nchini Marekani, Leo Kanner aliitumia kueleza hali ya watoto 11. Jina likaja na picha yake: mtu aliyejifungia ndani.

Picha hiyo ilizaa swali: ni nani aliyemfanya mtoto ajifungie? Ingawa Kanner alikuwa amedokeza kwamba hali hiyo ni ya kuzaliwa, mnamo 1949 aliyafananisha malezi ya watoto hao na jokofu. Mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim akakiita kitabu chake The Empty Fortress, yaani 'ngome tupu'. Akina mama wakalaumiwa kwa ubaridi wa mapenzi.

Ushahidi ulielekea kwingine. Mwaka wa 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za pacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za yai moja, katika 4 pacha wote wawili walikuwa nao. Kati ya jozi 10 za mayai mawili, hapakuwa na hata moja. Urithi, wala si ubaridi wa mama, ndio uliojitokeza.

Je, Kiswahili nacho? Tusemapo 'anaugua usonji', kitenzi hiki hutangaza maradhi na kumfanya msikilizaji angoje tiba. 'Amefungwa na usonji' huirejesha ile ngome. 'Ana usonji' ni afadhali, lakini hata kauli hii ina mjadala. Mnamo 1993 Jim Sinclair, ambaye mwenyewe ana hali hiyo, alikana kwamba usonji ni gamba lililomnasa mtoto wa kawaida. Alikana pia kwamba ni kitu mtu alicho nacho. Kwake, ni namna ya kuwa.

Hivyo basi, tofauti kati ya 'ana' na 'ni' si suala la sarufi pekee. Mfasiri na mwanaistilahi, kabla ya kuteua neno, hawana budi kumsikiliza anayetajwa nalo.