Mavazi Yafaayo Kazini

Sisi wa kidato cha sita tumebakiza miezi michache tu hapa shuleni. Hapa hatusumbuki juu ya nguo, maana kengele ikilia kila mtu huvaa sare yake. Lakini tukishatoka, kila mmoja itampasa kuchagua mwenyewe. Bwenini nimewasikia wenzangu wakisema kwamba asiye na suti asijisumbue kutafuta kazi. Neno hili laweza kumkatisha tamaa mtoto wa maskini kabla hajajaribu, au kumfanya akope fedha za koti kabla hajaonja mshahara. Kwa hiyo napenda tulitazame jambo hili kama somo.

Msingi wa somo ni huu: nguo ya kazi huchaguliwa na kazi yenyewe, wala si na mfuko wa mtu. Na tuchukue mfano wa kitu kidogo, yaani mkono wa shati.

Kwanza, ofisini. Mwezi wa Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma hapa Uganda ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wasiovaa sare. Wanaume waliagizwa kuvaa suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai. Wanawake walikatazwa sketi zisizofika magotini, blauzi zisizo na mikono, na nguo zinazoonyesha mwili. Hata kucha zilitajwa, kwamba zisizidi sentimeta 3. Mimi naona maana yake ni kwamba mwananchi aletaye shida yake mezani amkute mtu aliye tayari kumsikiliza, asishughulishwe na nguo zake.

Pili, karakana. Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, fundi wa magari. Huko mkono mrefu unaoning'inia ni hatari. Mashine ya kukereza chuma ikinasa ncha ya nguo au tai, huivuta pamoja na mtu mwenyewe. Kwa sababu hiyo fundi huvaa ovaroli iliyobana kwenye vifundo vya mikono. Tena mjomba huvua saa na pete kabla ya kushika betri, maana chuma kikigusa ncha zote mbili za betri, umeme mwingi hupita humo, nacho hupata moto na kuunguza ngozi. Ovaroli yake hujaa mafuta mchana, lakini haikosi kufuliwa. Aliniambia, "Mjomba, mafuta ya leo ni kazi, mafuta ya juzi ni uvivu."

Tatu, hospitali. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo kwamba watumishi wanaohudumia wagonjwa waache mikono wazi kuanzia kiwiko, wala wasivae saa mkononi. Ncha ya mkono mrefu humgusa mgonjwa huyu, kisha yule, na tena humzuia mtu asinawe vizuri. Kucha nazo ziwe fupi, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake.

Basi, mkono ule ule wa shati ofisini watakiwa mrefu, karakana ubane, na wodini uwe mfupi. Katika yote hayo hakuna aliyeuliza bei ya shati.

Lakini ziko pia kanuni zitokanazo na desturi au siasa. Jirani zetu wa Kongo, nchi yao ilipoitwa Zaire, walikatazwa suti na tai na Rais Mobutu mwaka 1972. Mabwana wa ofisi wakavaa koti lisilo na tai liitwalo abakosti, mpaka tai iliporuhusiwa tena mwaka 1990. Mwezi wa Novemba 2023 huko Kenya mambo yalikuwa kinyume: Spika wa Bunge la Taifa alikataza suti ya Kaunda bungeni, akataka koti na tai. Kwa hiyo usibahatishe. Kabla ya siku ya kwanza, uliza wenyeji wa mahali pale huvaa nini.

Sasa, mwenye shati moja afanyeje? Alifue jioni, akianza kusugua kola na ncha za mikono, ambapo jasho hukaa. Alipige pasi likiwa na unyevu kidogo. Kama ni pasi ya mkaa, apulize majivu nje kwanza, asugue chuma kwenye jani bichi la mgomba, kisha alijaribu kwenye kitambaa kikuukuu. Awe na sindano na uzi, kwani kifungo kimoja kikikosekana huonekana kuliko vyote vilivyopo. Viatu vikilowa, asivikaushe motoni, maana ngozi hupasuka. Nguo za mitumba za Owino zafaa kabisa, mradi zimpate sawasawa. Ya kuazima aiache, maana wazee husema nguo ya kuazima haisitiri.

Mwili nao usisahauliwe: kuoga, kupiga mswaki, kuchana nywele, kukata kucha. Mwenzetu mmoja aliyemaliza mwaka jana alikuwa karibu kuacha kwenda kuhojiwa kazi ya ukarani dukani kwa kukosa koti. Mama yake alimfulia shati la shule, akang'oa nembo, akamwambia, "Nenda, baba." Alikwenda, akapewa miezi mitatu ya kujaribiwa, na mpaka leo yumo kazini.

Hayo ndiyo niliyonayo. Kaka zetu mlio kazini, tuandikieni katika gazeti hili desturi za mahali penu, ili nasi tutakaotoka mwaka huu tujue la kutengeneza mapema.