Mafunzo ya Kiingereza: Neno "Suit" na Maana Zake

Neno "suit" limekwisha kuingia katika Kiswahili kwa jina la suti, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba wanalijua. Lakini mtu akiletewa barua ya wakili yenye kusema kwamba "a suit" imefunguliwa kwa ajili ya shamba lake, kulijua neno hili kwa upande wa nguo tu hakutamfaa kitu.

Waingereza walilipata neno hili zamani katika Kifaransa, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kufuata. Msomaji akiliweka jambo hilo moyoni ataona kwamba maana zake nyingi ni ndugu.

Kwa upande wa mavazi, "suit" ni koti na suruali, au koti na sketi, vilivyokatwa katika kitambaa kimoja, hata kimoja kikafuatana na mwenzake. Kikiongezwa kizibao cha kitambaa kile kile huitwa "three-piece suit". Koti la buluu juu ya suruali ya kijivu si "suit", hata likiwa la bei kubwa namna gani. Kadi ya mwaliko ikiandikwa "lounge suit", mgeni asihangaike kutafuta vazi geni. Suti ya kawaida na tai yatosha. Kaunda suti, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ni suti kweli, ila huvaliwa bila tai. Vazi hilo lilizua maneno mengi nchini Kenya mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipokataza lisivaliwe bungeni.

Maana ya pili ndiyo yenye uzito. Mahakamani "suit" ni kesi ya madai; yaani mtu amemfuata mwenziwe kwa sheria ili apate haki yake. Kiswahili husema "kesi" kwa mambo yote, lakini Kiingereza hutenga. Mwizi aliyeshtakiwa na serikali hayumo katika "suit". Jirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba wamo. Aliyeleta madai huitwa "plaintiff", naye anayedaiwa huitwa "defendant". Basi mwenye kupokea karatasi ya namna hiyo hana haja ya kukimbia kana kwamba askari wanakuja kumkamata. Lakini pia asiitie sandukuni na kuisahau, kwa maana asipojibu katika muda uliotajwa katika samansi, mahakama yaweza kumhukumu bila ya kumsikia.

Katika karatasi hizo hizo huonekana maneno "the suit property" au "the suit land". Hayahusu nguo hata kidogo: maana yake ni mali au ardhi ile inayogombaniwa. Na amri ikisema kwamba mtu asiuze "the suit land pending the hearing and determination of the suit", maana yake ni kwamba ardhi hiyo isiuzwe mpaka kesi isikizwe na kukatwa. Anayeiuza huku akiijua amri hiyo anajitia katika hatari ya kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama.

Wacheza karata wanalo neno hili vile vile. Kopa, uru, shupaza na pau, majina ambayo Waswahili waliyapata kwa Wareno, kila moja ni "suit". Katika michezo mingi, aliyeanza akitupa kopa, wenzake wenye kopa hulazimika kutupa kopa. Huko ndiko "to follow suit". Magazeti yakayachukua maneno hayo: duka moja likipunguza bei ya sukari na mengine yakafanya vivyo hivyo, huandikwa kwamba hayo mengine "followed suit".

Likiwa kitenzi, "to suit" ni kufaa au kupendeza. "That suit suits you" ni kusema, suti hiyo yakupendeza. Katika barua ya kazi ni adabu njema kuandika "at a time that suits you", yaani kwa wakati utakaokufaa wewe. Lakini "suit yourself" ni kinyume cha adabu hiyo: ni kama kumwambia mtu "shauri yako", na kijana hapaswi kumjibu hivyo mkubwa wake.

Lipo na neno "suite", lenye herufi moja zaidi, nalo hutamkwa "swiit". Hilo ni vyumba vinavyofuatana katika hoteli, au viti vya sebuleni vya namna moja. Mwenye kuagiza kwa barua na aangalie mwisho wa neno: "three-piece suite" dukani ni kochi na viti vyake viwili, wala haivaliki.