SOMO LA 12: KUCHAGUA LENZI YA JICHO YA DARUBINI

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba darubini ina lenzi mbili muhimu. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga utokao kwenye kitu. Lenzi ya jicho hukuza taswira ya kitu hicho. Darubini nyingine zina lenzi za jicho kadhaa zinazoweza kubadilishwa. Je, tuchague ipi?

Heroe wa Ziwa Natron

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania. Huko heroe wadogo hutaga juu ya vilima vidogo vya tope. Jike hutaga yai moja tu. Akisumbuliwa, huweza kuliacha yai hilo likaharibika. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwahesabu heroe hukaa mbali na kutumia darubini.

Tuseme heroe wako umbali wa mita 1,200. Lenzi inayokuza mara 20 huwaonyesha kana kwamba wako umbali wa mita 60. Lenzi inayokuza mara 60 huwaonyesha kana kwamba wako mita 20 tu. Huenda ukasema kwamba lenzi ya pili ni bora. Kabla ya kukata shauri, fanya jaribio hili.

Jaribio

Viringisha karatasi mbili upate mabomba mawili yenye urefu sawa. Moja liwe jembamba kama kidole, na jingine liwe pana kama chupa. Tazama mti ulio mbali kwa kila bomba. Ni bomba lipi linaloonyesha sehemu ndogo ya mti?

Karatasi haikuzi kitu. Lakini ukitumia lenzi yenye ukuzaji mkubwa, eneo unaloliona hupungua, kama ulivyoona katika bomba jembamba. Utamwona heroe mmoja vizuri, lakini kundi zima litakupotea.

Mwanga na mtikisiko

Mwanga nao hupungua. Ikiwa kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 60, gawanya kwa ukuzaji:

60 ÷ 20 = milimita 3
60 ÷ 60 = milimita 1

Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Ukuzaji ukiwa mara 60, taswira huwa na giza, hasa alfajiri na jioni.

Tena, lenzi inayomkuza heroe hukuza pia mtikisiko wa mkono na wa hewa. Wakati wa adhuhuri hewa yenye joto hupanda, na taswira hucheza. Ili kupunguza mtikisiko wa mkono, darubini husimamishwa juu ya miguu mitatu.

Kumbuka: Anza na ukuzaji mdogo. Ongeza kidogo kidogo. Taswira ikififia au ikicheza, punguza.

Onyo: Usilitazame jua kamwe kwa darubini. Utapofuka.

Maswali

1. Heroe yuko umbali wa mita 900. Lenzi inayokuza mara 30 itamwonyesha kana kwamba yuko mita ngapi?
2. Utatumia lenzi ipi kuhesabu kundi zima, ya mara 20 au ya mara 60? Eleza sababu.
3. Kwa nini taswira hucheza wakati wa adhuhuri?