Mpira wa Kubadilishia Maji ya Pipa

Ndugu mfugaji, na wewe mama wa nyumba, somo la mwezi huu ni juu ya maji yaliyokwisha fika nyumbani. Mara nyingi tumezungumza habari za kuchimba visima na kutengeneza silanga. Lakini mtu aweza kupata maji kwa taabu nyingi, kisha akayapoteza mlangoni pake mwenyewe kwa sababu hana kifaa cha kuyatunza. Kifaa hicho ni rahisi, na wengi wenu mwaweza kukitengeneza leo kabla ya jua kuchwa.

Litazame pipa lako. Maji yaliletwa kwa punda au kwa gari, yakamiminwa ndani, na kwa juu yaonekana safi. Chini yake pamelala tope, mchanga, majani na utelezi. Kila siku mtu hutumbukiza kopo, na kila akichota karibu na chini, tope lile huamka na kuyachafua maji yote. Siku ya kusafisha ikifika, pipa huinamishwa na maji yaliyobaki humwagwa mchangani, mazuri pamoja na mabaya. Jambo hili lauma sana kwetu, maana twakumbuka kwamba tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwaka 2022 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa.

Taabu hii si ya Wajir peke yake. Wako watu mijini wafugao samaki wa mapambo katika matangi ya kioo. Uchafu wa samaki wao nao hukaa chini. Hawawezi kuliinamisha tangi, maana ni zito, wala hawataki kuyamwaga maji yote. Basi hutumia mpira wa kunyonyea maji: hunyonya uchafu wa chini pamoja na maji kidogo, kisha hujaza pengo kwa maji mapya. Mtindo huo huo wafaa kabisa kwa pipa letu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwanza, mpira mwembamba wa plastiki ulio mwangavu, wenye tundu la nusu inchi, urefu wa mita 3. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa kwa mita, kwa hiyo nunua kiasi unachohitaji tu. Ulio mwangavu ni bora, maana utaona tope likipita, na utajua ni wakati gani maji safi yameanza kuja.

Pili, fimbo iliyonyooka, kavu, iliyochongwa vizuri, yenye urefu wa kushinda kina cha pipa. Funga mwisho mmoja wa mpira kwenye fimbo kwa kamba mahali pawili au patatu. Ncha ya fimbo iuzidi mdomo wa mpira kwa upana wa kidole kimoja, ili mpira usigande chini ya pipa.

Tatu, ndoo ya kupokea maji machafu, na jagi la maji safi.

Angalia sana jambo hili: usitumie mpira uliowahi kupitisha petroli, mafuta ya taa au dawa ya kupe. Pipa lililokuwa na dawa ya kupe nalo lisiwekwe maji ya watu wala ya wanyama, hata likioshwa mara nyingi.

JINSI MPIRA UNAVYOFANYA KAZI

Mtu huuliza, maji yawezaje kupanda ukingo wa pipa bila pampu? Jibu ni hili. Mpira ukijaa maji pia, na mdomo wake wa nje ukiwa chini kuliko uso wa maji ya pipa, maji ya upande wa nje huanguka kwa uzito wake. Yanapoanguka, hewa iliyo juu ya pipa huyakandamiza mengine yaingie mpirani kuyafuata. Hayatasimama mpaka hewa iingie ndani ya mpira, au mpaka uso wa maji ya pipa ulingane na mdomo wa nje.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili za kukumbuka: mpira usiwe na hewa ndani, na mdomo wa nje uwe chini kuliko uso wa maji. Kwa hiyo yafaa pipa liwekwe juu ya mawe yaliyopangwa imara, kiasi cha futi moja kutoka chini. Hakikisha haliyumbi, maana pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, na likimwangukia mtoto litamwua.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Jioni, funika pipa na uwakataze watu kulitikisa. Tope litashuka usiku kucha.

2. Asubuhi, kabla mtu hajachota, osha mpira na fimbo kwa sabuni na maji, pamoja na mikono yako.

3. Inua ncha zote mbili za mpira pamoja, ili katikati paning'inie. Mimina maji safi ya jagi katika ncha moja mpaka yatokee katika ncha ya pili. Ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba. Usinyonye kwa mdomo kamwe, maana ukinyonya waweza kumeza uchafu ule ule unaotaka kuuondoa.

4. Shusha fimbo polepole majini, ukiachia kidole cha ndani ncha ikisha zama. Peleka ncha ya nje kwenye ndoo iliyo chini, kisha achia kidole cha pili. Maji yataanza kukimbia.

5. Pitisha fimbo chini ya pipa polepole, kama mtu afagiaye chumba chenye mtoto aliyelala. Ukienda kwa haraka, tope litaamka.

6. Maji yakianza kupita safi, kunja mpira kwa mkono. Yatakoma mara moja. Usingoje ndoo ijae.

Mpira wa kadiri hii hujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili au tatu hivi, basi usimwache mtu asiye mwangalifu aushike. Na kama pipa lina maji safi juu, mpira huo huo ukioshwa waweza kuyavuta maji ya katikati kuyatia katika mitungi, bila kutumbukiza kopo wala mkono.

HESABU YAKE

Tufanye hesabu ya mfano. Mama mmoja humwaga lita 40 kila juma aoshapo pipa kwa kuliinamisha. Akitumia mpira, hutoa lita 5 za tope tu. Ameokoa lita 35. Kwa majuma 52 ni lita 1,820, yaani mitungi 91 ya lita 20. Huhitaji kuambiwa mitungi 91 ni safari ngapi za punda wakati wa kiangazi.

Hata zile lita 5 usizitupe ovyo. Zimwage penye mche wa mwarobaini au mboga. Lakini usizimwage karibu na kisima. Visima vya mji wa Wajir si virefu, na ardhi yake ni ya mawe ya chokaa yenye nyufa. Kimwagwacho juu hushuka upesi mpaka kwenye maji tunayoyateka tena kesho.

MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SALAMA

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mpira huondoa tope, hauondoi vijidudu vya ugonjwa. Kipindupindu kimefika Wajir zaidi ya mara moja, na katika mlipuko ulioanza Kenya mwezi wa Oktoba mwaka 2022, kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake.

Lakini jua ya kuwa mpira na dawa ni ndugu. Klorini ikitiwa katika maji ya tope, nguvu yake nyingi huishia kwenye uchafu, na vijidudu hubaki. Kwa hiyo toa tope kwanza, kisha tia dawa. Mtu atiaye dawa juu ya tope hupoteza dawa yake, na pengine hupoteza mtoto wake.

MABIRIKA YA MIFUGO

Je, mpira wafaa kwa birika la kunyweshea? Wafaa ikiwa birika limeinuliwa, na pana mahali pa chini pa kuweka mdomo wa nje. Birika lililo sawa na ardhi halifai. Hilo tumia kata na ufagio. Vivyo hivyo birkadi, yaani tangi la simenti lililochimbwa ardhini, mpira hauwezi kulitoa maji, maana hapana mahali pa chini zaidi karibu yake. Usipoteze fedha kujaribu.

Penye birika lililoinuliwa, nyonya samadi na ukungu wa kijani kabla ya kuongeza maji mapya. Mnyama huchelea kunywa maji yanayonuka, na mbuzi asiyekunywa vizuri hawezi kutoa maziwa mengi.

WENYE SAMAKI TANGINI

Katika miaka ya 1980, kaskazini mwa Somalia, samaki wa jamii ya perege walitiwa katika matangi ya maji ili wale mabuu ya mbu na kupunguza malaria. Ikiwa wewe nawe unafuga samaki katika tangi, usibadili maji yote kwa siku moja, maana samaki huweza kufa kwa mabadiliko ya ghafula. Toa kiasi cha robo, ukinyonya uchafu wa chini, kisha jaza. Kama maji mapya ni ya mfereji yenye klorini, yaache wazi mchana na usiku mzima kwanza. Na maji yenye samaki yasinywewe bila kuchemshwa.

KUUTUNZA MPIRA

Ukimaliza, osha mpira, utundike uvulini ncha zote zikitazama chini ili ukauke. Jua kali huufanya mgumu na kuupasua. Usiuache chini mbuzi wautafune. Ukiota utelezi ndani usiotoka kwa kuoshwa, nunua mwingine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mdomo wa nje lazima uwe chini kuliko uso wa maji?
2. Kwa nini tope liondolewe kabla ya kutia klorini?
3. Katika nyumba yako humwagwa lita ngapi kila juma pipa likioshwa? Zidisha kwa 52.

Swali la tatu lijibuni wote pamoja nyumbani, baba, mama na watoto. Kisha mwoneshe jirani mpira wako, naye autengeneze wake.