Supu ya Kichina si Uji: Somo la Wanga kwa Wapishi wa Wembley

Katika toleo hili niliombwa niandike jambo la manufaa kwa wanafunzi, na najua wengi mlitegemea habari za mitihani. Samahani jamani, nitaandika kuhusu supu. Supu ndiyo iliyonifanya nimuumize mwenzangu bila kukusudia, na sipendi mwingine arudie kosa langu.

Kisa chenyewe ni hiki. Ilikuwa Januari, baridi kali, katika nyumba tunayopanga hapa Wembley. Tuko watano, na mmoja wetu ni dada kutoka Mombasa mwenye ugonjwa wa siliaki. Yaani mwili wake haustahimili gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Siyo kwamba anachagua chakula. Akila hata kidogo, utumbo wake unadhurika. Zamu yangu ya kupika ilipofika nikaamua kupika supu ya Kichina ya kuku na mahindi. Ikatoka nyepesi kama maji ya kunawa. Nikafanya nilivyozoea kwenye mchuzi: nikachota unga wa ngano vijiko viwili, nikakoroga humo. Siliaki nilikuwa nimeisikia lakini sikuitia akilini. Usiku ule dada hakulala, na kesho yake akakosa kazi ya maabara yenye maksi. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ulitia nini kwenye ile supu?" Nilimjibu nikiangalia chini.

Zamu iliyofuata nikatia sembe. Kumbe nikapika uji wa kuku! Ndipo nikakaa chini nikajifunza. Somo lenyewe ndilo hili.

WANGA UNAFANYAJE KAZI?

Wanga ni akiba ya chakula ambayo mmea unaiweka kwenye mbegu au mzizi, ikiwa katika chembe ndogo sana. Kwenye maji baridi chembe hizo haziyeyuki. Zinaelea kidogo kisha zinatuama. Maji yakifika kama nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, chembe zinaanza kunyonya maji na kuvimba, na supu inakuwa nzito. Huo ni wanga uleule tunaoujua kwenye kanzu iliyopigwa pasi ikasimama.

Sasa mbona unga unafanya mabonge? Ukimwaga unga mkavu kwenye supu inayochemka, nje ya bonge inavimba papo hapo na kujifunga kama ngozi, ndani unabaki unga mkavu. Dawa yake mama zetu wanaijua zamani: uji huanza kwa kukoroga unga kwenye maji baridi. Supu ya Kichina ni hivyohivyo.

Tofauti ni kwamba sembe si wanga mtupu. Ina protini na punje punje za mahindi, ndiyo maana supu inakwaruza ulimi na kuwa na ladha ya uji. Konflawa ni wanga wa mahindi uliotenganishwa na vitu vingine. Hapa Uingereza pakiti iliyoandikwa cornflour ndiyo hiyo, nyeupe na laini kama poda. Usiichanganye na unga wa mahindi wa ugali, hata kama zimekaa rafu moja.

AINA TATU ZA KUTUMIA

1. Konflawa. Ni rahisi kupata na haina mambo mengi. Supu inakuwa na ukungu kidogo, na ikipoa inaganda.

2. Wanga wa viazi. Unashika haraka na supu inang'aa. Lakini usiuchemshe muda mrefu wala kuukoroga kwa fujo, utalegea.

3. Wanga wa muhogo. Nao unang'aa, na unavutika kidogo. Huu ndio wa kwetu! Tembea Ealing Road, kutoka Wembley Central kuteremka kuelekea Alperton, utasikia wauzaji wa Kigujarati wanauita muhogo "mogo". Neno hilo walilibeba kutoka Afrika Mashariki, wengine baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Kwenye maduka ya Kichina unga huo unaitwa tapioca, na nyingi inatoka Thailand.

Aina hizi tatu kwa asili hazina gluteni. Ila kuwa macho: maduka hayohayo huuza pia wanga wa ngano, wa kutengenezea ngozi za vitumbua vya nyama vya mvuke. Ni mweupe vilevile. Mgonjwa wa siliaki asipewe.

NAMNA YA KUPIKA (watu wanne)

Chemsha lita 1 ya mchuzi wa kuku. Tia nyama ya kuku iliyochambuliwa, kopo 1 la mahindi matamu yaliyopondwa, na tangawizi kidogo. Acha dakika 5.

Kwenye kikombe, koroga vijiko 2 vya chakula vya konflawa na vijiko 4 vya maji baridi. Koroga tena kabla tu ya kumimina, maana wanga umeshatuama chini.

Supu ikiwa inachemka, mimina kidogo kidogo huku unakoroga. Usimalize kikombe kwa pupa. Acha supu ichemke nusu dakika, angalia uzito, ndiyo uongeze. Kisha ichemke dakika 1 au 2 zaidi ili ladha ya unga mbichi itoke.

Punguza moto. Piga mayai 2, yamimine kama uzi mwembamba huku unakoroga polepole. Wanga ukitangulia, nyuzi za yai zinaning'inia ndani ya supu badala ya kuzama. Malizia na mafuta ya ufuta na majani ya vitunguu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kama unapika ile supu ya siki na pilipili, siki itie mwishoni. Ukichemsha wanga na siki kwa muda mrefu, asidi inaukata na supu inarudi kuwa maji.

Ukionja, usirudishe kijiko sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Supu ya kiporo utaikuta imelegea, kando na suala la usafi.

Na hili ndilo kubwa. Kuacha unga wa ngano peke yake hakutoshi. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na vidonge vingine vya supu vina ngano pia. Soma lebo. Tangu Desemba 2014 sheria hapa inataka viungo vinavyoleta mzio, ngano ikiwemo, vionekane wazi kwenye orodha ya vyakula vilivyofungashwa, mara nyingi kwa maandishi mazito. Osha vizuri sufuria, na mwiko wa mbao uliokorogea ngano uweke kando.

Nilipopika tena, nilimletea dada pakiti zote mezani kabla sijawasha moto: konflawa, sosi isiyo na ngano, vidonge vya supu. Akasoma moja moja, polepole. Kidonge kimoja akakitoa, akanionyesha neno lililokolezwa wino. Nilikuwa nimelipita bila kuliona. Tukatumia mifupa ya kuku badala yake. Usiku huo alikula bakuli mbili, na asubuhi akawahi basi la chuo kama kawaida.

Basi ndugu zangu, tunapopikiana katika nyumba hizi za kupanga, kila mtu aulize kwanza nani anakula na nini kinamdhuru, ndipo ashike mwiko. Mapishi mema, na tuonane toleo lijalo.